Sekunde 96 na Dakika Zilizofuata: Uchambuzi wa Kisa cha Shambulio la Silaha katika Jengo la Mafunzo

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika jengo la ghorofa moja la taasisi inayotoa mafunzo ya jioni kwa watu wazima. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na wahusika wanatajwa kwa kazi zao tu. Muda unahesabiwa tangu risasi ya kwanza, kwa kufuata saa za kamera za usalama, kwa sababu karibu kila shahidi niliyemhoji alikosea kukadiria muda. Mwanafunzi mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba alilala chini ya meza kwa nusu saa kabla ya polisi kufika, ilhali kamera zinaonyesha kuwa polisi waliingia kabla ya dakika ya 6 kutimia.

Niliombwa na uongozi wa taasisi kufanya tathmini wiki tatu baada ya tukio. Niseme mapema nilichokiona: bastola ya mfanyakazi mmoja ilimzuia mshambuliaji kupanda ghorofani, na nina hakika kwamba iliokoa maisha. Hata hivyo, bastola hiyohiyo ilikaribia kumfanya mfanyakazi huyo auawe na polisi dakika nne baadaye, na hatari hiyo ya pili haikuwa imefikiriwa na mtu yeyote katika maandalizi ya takriban mwaka mzima.

Mazingira na maandalizi yaliyokuwapo

Taasisi ilikuwa na wafanyakazi 23, na jioni ya tukio kulikuwa na wanafunzi 86 ndani ya jengo. Chini kuna ukumbi wa mapokezi, korido ndefu yenye madarasa manne, ghala mwishoni mwa korido na mlango wa nyuma unaotokea kwenye maegesho ya magari. Ngazi za kwenda juu zinaanzia katikati ya korido. Langoni huwapo mlinzi asiye na silaha.

Miezi kumi na moja kabla ya shambulio, uongozi uliunda kamati ya watu watano kuandaa mpango wa dharura. Kamati ilibadilisha vitasa vya vyumba tisa ili viweze kufungwa kutoka ndani bila ufunguo, ikanunua mikoba miwili ya huduma ya kwanza yenye mikanda ya kuzuia damu, ikaendesha mazoezi mawili, na ikaweka neno la siri ambalo lingetangazwa kwenye vipaza sauti endapo kungetokea hatari.

Jambo lililoleta mjadala mkali zaidi lilikuwa ombi la mtunza ghala. Alikuwa na kibali halali cha kumiliki na kubeba bastola, sheria ya mahali pale ilimruhusu kuibeba kazini kwa idhini ya mwajiri, na aliomba idhini hiyo. Wajumbe wawili walipinga, wakihofia kwamba silaha ndani ya jengo ingeleta ajali au ingeibiwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, na masharti yaliyoandikwa baadaye yalitokana nayo: bastola isiachwe kamwe kwenye droo wala begi bali ikae mwilini, mmiliki afanye jaribio la kulenga shabaha kila baada ya miezi mitatu, na wajibu wake uwe kuwalinda watu walio karibu naye, si kumtafuta mshambuliaji. Sharti hili la mwisho lilipendekezwa na mmoja wa waliopinga, na kwa maoni yangu lilikuwa uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa kabla ya tukio.

Kamati iliamua pia kwamba idhini hiyo ibaki siri ya watu watano. Sababu ilieleweka, kwani hawakutaka mtunza ghala aonekane kama askari wa taasisi, wala ajulikane na mtu mwenye nia mbaya ambaye angemlenga kwanza. Lakini hakuna aliyeuliza ni nani angewaambia polisi kwamba ndani kuna mtu mwema mwenye bastola, na kwamba wangemtambua kwa kitu gani.

Dalili zilizotangulia

Mshambuliaji alikuwa mwanafunzi wa zamani aliyeondolewa baada ya ugomvi. Katika wiki sita za mwisho alimtumia mwalimu mmoja ujumbe wa vitisho mara mbili. Mlinzi alimwona mara mbili akiwa amesimama ng'ambo ya barabara akitazama lango. Mhudumu wa mapokezi alipokea simu yake akiuliza ratiba ya darasa la mwalimu yuleyule. Mwalimu alimweleza mkuu wa idara, mlinzi akamweleza msimamizi wa kampuni yake, na mhudumu hakumweleza mtu kwa sababu swali kuhusu ratiba huulizwa kila siku. Vipande vitatu vya habari vilikaa mahali patatu, wala havikuwahi kuwekwa pamoja.

Hali hii si ya pekee. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 na idara ya ulinzi wa viongozi wa Marekani, Secret Service, kwa kushirikiana na wizara ya elimu ya nchi hiyo, ulichunguza mashambulio 37 ya shuleni na kukuta kwamba katika asilimia 81 ya mashambulio hayo, angalau mtu mmoja alijua kabla kwamba mshambuliaji alikuwa akiyafikiria au kuyapanga. Kamati ya taasisi hii ilikuwa imefikiria vitasa, mikanda na bastola, lakini haikuwa imemteua mtu mmoja wa kupokea taarifa za vitisho.

Mfuatano wa matukio

Risasi ya kwanza ilipigwa langoni na kumjeruhi mlinzi pajani. Mlinzi alijikokota hadi nyuma ya nguzo ya zege. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiingia alipigwa kwenye ngazi za mapokezi.

Katika sekunde ya 7, mhudumu wa mapokezi alishika kipaza sauti. Aliniambia kwamba neno la siri lilimtoka kabisa kichwani, kwa hiyo akasema alichokiona: kuna mtu anapiga risasi mlango wa mbele, fungeni milango, walio nyuma tokeni nyuma. Alirudia mara mbili, kisha akatoka kwa mlango mdogo wa ofisi huku akipiga simu polisi.

Kati ya sekunde ya 12 na ya 40, walimu wa vyumba vingi walifunga milango. Mtunza ghala, aliyekuwa mwishoni mwa korido, alifungua mlango wa nyuma na kuwatoa wanafunzi 14 wa darasa lililokuwa mkabala na ghala, wakiongozwa na mwalimu wao. Yeye hakutoka nao. Alirudi na kusimama kwenye pembe ya ukuta wa matofali, mahali ambapo angeweza kuona korido huku mwili wake mwingi ukiwa nyuma ya ukuta.

Katika sekunde ya 51, mshambuliaji aliingia kwenye korido na kujaribu mlango wa darasa la kwanza, ukakataa. Alipiga risasi tatu kupitia ubao wa mlango wa darasa la pili, akasukuma, ukakataa pia, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wameegemeza meza mbili na kulala chini kando ya ukuta. Mmoja wao alijeruhiwa mkononi na vipande vya mbao.

Katika sekunde ya 74, mtunza ghala alimwona mshambuliaji wazi, umbali wa mita kama 17, na hakufyatua. Katika sekunde ya 93 mshambuliaji aligeukia ngazi, akiwa umbali wa mita 9 hivi. Mtunza ghala alifyatua risasi nne, mbili zikampata, na katika sekunde ya 96 mshambuliaji alikuwa ameanguka na bunduki yake ikiwa hatua moja kutoka mkononi mwake.

Mtunza ghala alipiga kelele akimwamuru asiguse silaha, akabaki palepale kwenye pembe akiwa ameelekeza bastola. Katika dakika ya 3, mwalimu mmoja wa ghorofani alishuka akiwa ameshika mtungi wa kuzimia moto, akaona mtu amesimama akimwelekezea bastola mtu aliyelala, akanyanyua mtungi ili ampige. Alimtambua sura wakati mtungi ukiwa tayari juu ya kichwa. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyekimbia hadi langoni akamfunga mlinzi mkanda wa kuzuia damu.

Polisi waliingia ilipofika dakika 5 na sekunde 50. Walimkuta mtunza ghala bado ameshika bastola. Maofisa wawili walimwelekezea bunduki na kumwamuru aiangushe. Kamera inaonyesha kwamba aligeuza kichwa kwanza kuwatazama, mabega yakaanza kufuata, kisha akasimama, akafungua vidole, bastola ikaanguka sakafuni, akainua mikono. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na bado inanitia baridi.

Maamuzi makuu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa mtunza ghala ulikuwa kuwatoa watu kabla ya kufikiria silaha. Alieleza kwamba alikumbuka sharti la maandishi, na kwamba wanafunzi 14 walikuwa hatua tano kutoka mlango wa nyuma, hivyo kuwatoa kulikuwa jambo la sekunde chache lenye faida ya hakika.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutokwenda mbele. Alisikia risasi za mapokezi na akahisi, kama alivyosema, kwamba miguu ilitaka kwenda. Alikaa kwa sababu korido ile haina mahali pa kujikinga kati ya ghala na ngazi, na kwa sababu hakujua kama mshambuliaji ni mmoja au zaidi. Mtu anayetembea kwenye korido wazi akitafuta adui humwachia adui huyo nafasi ya kumwona kwanza, ilhali aliyetulia nyuma ya ukuta imara humlazimisha adui ajitokeze.

Uamuzi wa tatu, kutofyatua katika sekunde ya 74, ndio uliolaumiwa zaidi katika mikutano ya baadaye. Baadhi ya wafanyakazi waliuliza kwa uchungu kwa nini alisubiri sekunde 19. Jibu lake ni kwamba nyuma ya mshambuliaji, kwa mstari uleule, kulikuwa na ukuta wa vioo wa mapokezi, na alijua kwamba ng'ambo yake kulikuwa na mtu aliyeanguka na huenda watu wengine wanaokimbia. Mshambuliaji alipogeukia ngazi, nyuma yake palikuwa na ukuta wa zege, na kuendelea kusubiri kungemruhusu afike ghorofani kwenye watu zaidi ya hamsini. Risasi mbili kati ya nne alizofyatua zilikosa na kuingia kwenye ukuta huo. Kama angefyatua mapema, zilizokosa zingeelekea mapokezi, tena kwa umbali ambao ni karibu mara mbili. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba alikuwa sahihi.

Uamuzi wa nne ulikuwa kutoigusa bunduki ya mshambuliaji. Hakuwa amefundishwa hivyo, bali aliogopa tu kuondoka kwenye ukuta. Bahati hiyo ilimsaidia sana, kama nitakavyoeleza.

Matokeo

Mwanafunzi aliyepigwa mapokezi alifariki kabla ya gari la wagonjwa kufika. Mlinzi alipona baada ya upasuaji, na mwanafunzi aliyejeruhiwa mkononi alitibiwa na kuruhusiwa siku hiyohiyo. Mshambuliaji alifariki hospitalini. Hakuna aliyekuwa ghorofani aliyejeruhiwa.

Mtunza ghala alihojiwa na polisi kwa saa kadhaa na bastola yake ikachukuliwa kuwa kielelezo. Pale eneo la tukio alisema mambo machache tu: yeye ni nani, kwamba mtu yule alikuwa amepiga watu risasi na alikuwa akielekea kwenye wengine, silaha yake iko wapi, na majeruhi wako wapi. Kisha akaomba kuzungumza na wakili kabla ya kutoa maelezo kamili. Waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi, lakini uamuzi huo ulichukua miezi minne, ambayo aliipitisha kwa kukosa usingizi na kushtuka kila mlango ulipogongwa.

Uchambuzi

Nianze na vitasa, kwa sababu ndivyo vilivyolinda watu wengi zaidi. Wanafunzi waliokuwa katika darasa la kwanza na la pili hawakulindwa na bastola, kwani mshambuliaji alikuwa tayari ameshajaribu kuingia kabla ya risasi ya mtunza ghala. Walilindwa na mlango uliokataa kufunguka na meza zilizosukumwa nyuma yake. Katika shambulio la chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani la Aprili 16, 2007, ambapo watu 32 waliuawa, wanafunzi wa chumba namba 205 cha jengo la Norris Hall waliuzuia mlango kwa meza, mshambuliaji akapiga risasi kupitia mlango huo, na hakuna hata mmoja ndani ya chumba aliyejeruhiwa. Kitasa cha ndani ni kifaa cha bei ndogo kisichohitaji kibali wala mafunzo, nacho hufanya kazi hata kwa mtu anayetetemeka.

Tangazo nalo lilifaulu kwa sababu mpango haukufuatwa. Nilipowauliza wanafunzi, wengi wao hawakujua kabisa kwamba kulikuwa na neno la siri, na wafanyakazi kadhaa walikuwa wamelisahau. Maneno ya wazi ya mhudumu yalieleza hatari ni ipi, iko wapi na watu wafanye nini, na wale waliokuwa nyuma ya jengo walielewa mara moja kwamba kwao kukimbia kulikuwa salama kuliko kujifungia. Neno la siri huwaficha habari wale hasa wanaoihitaji.

Kuhusu silaha, takwimu zinasaidia kuweka jambo mahali pake. Utafiti wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, uliotolewa mwaka 2014 ulichunguza mashambulio 160 yaliyotokea Marekani kati ya mwaka 2000 na 2013. Katika yale 63 ambayo muda wake ulijulikana, 44 yalimalizika ndani ya dakika 5, na 23 kati ya hayo ndani ya dakika 2. Katika mashambulio 21, raia wasio na silaha walimdhibiti mshambuliaji. Katika matano, watu wenye silaha wasio polisi walipambana naye kwa risasi, na wengi wao walikuwa walinzi walioajiriwa. Nasoma takwimu hizi kwa njia mbili kwa pamoja. Kwanza, muda ni mfupi mno kiasi kwamba walio ndani ndio watakaoamua mengi kabla msaada haujafika, na kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na anayesema kwamba kujiandaa ni kazi ya polisi peke yao. Pili, raia mwenye bastola ni sehemu ndogo ya picha, na taasisi inayotumia nguvu zake zote kwenye bastola huku mikanda ya kuzuia damu ikiwa ndani ya kabati lililofungwa imepanga vibaya.

Nataja kabati kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkoba wa mapokezi ulikuwa umefungiwa tangu mwezi uliotangulia kwa kuhofia wizi, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Mwalimu aliyemhudumia mlinzi alitumia mkanda wa mkoba wa ghorofani. Jeraha kubwa la mshipa wa pajani linaweza kuua kwa dakika chache, na mlinzi alikaa karibu dakika nne bila kufungwa, akiwa amebana jeraha kwa ngumi yake mwenyewe kama alivyofundishwa kwenye zoezi. Mwalimu aliufunga mkanda kati ya jeraha na nyonga, mbali na goti, akaukaza hadi damu ikasimama ingawa mlinzi alipiga kelele za maumivu, na akaandika saa kwenye paji la uso wake. Yote hayo aliyajifunza kwa nusu saa moja ya zoezi. Mafunzo ya namna hii yalienea baada ya shambulio la shule ya Sandy Hook nchini Marekani la Desemba 2012, pale madaktari wa upasuaji walipoanza kukutana mjini Hartford mwaka 2013 na hatimaye kupendekeza kwamba kuzuia damu kufundishwe kwa kila mtu.

Sasa nifike kwenye zile dakika nne. Kuanzia sekunde ya 96 hadi polisi walipoingia, mtunza ghala alisimama na bastola mkononi, akiwa amevua koti la kazi lenye jina la taasisi kwa sababu lilimzuia kuchomoa silaha. Mhudumu wa mapokezi aliambiwa kwa simu na mjumbe wa kamati kwamba mwenye bastola ni mtu wao, naye akamweleza mpokeaji simu wa polisi kwamba mtu huyo amevaa koti la buluu. Polisi waliingia wakitafuta koti la buluu, wakamkuta mtu mwenye fulana nyeupe na bastola, na mtu mwingine akiwa chini katika damu. Hawakuwa na sababu yoyote ya kujua nani ni nani.

Mnamo Juni 21, 2021, mjini Arvada katika jimbo la Colorado, Marekani, raia mmoja alimpiga risasi na kumzuia mshambuliaji aliyekuwa amemwua ofisa wa polisi, kisha akaichukua bunduki ya mshambuliaji huyo. Ofisa mwingine aliyefika alimwona ameishika, akamfyatulia risasi, naye akafariki. Alikuwa amefanya kila jambo gumu kwa usahihi. Tangu shambulio la shule ya Columbine, pia katika jimbo la Colorado, la Aprili 1999, polisi wengi hufundishwa kuingia mara moja bila kusubiri kikosi maalumu, na mafunzo hayo ni mazuri, lakini yanamaanisha kwamba ofisa wa kwanza huingia akiwa na habari chache na akitazama mikono ya watu. Mwenye silaha asiyekuwa na sare anapaswa kuwa ameshairudisha kiunoni, au ameiweka chini, kabla ofisa huyo hajatokea, mradi tishio limekwisha. Na akiwa hawezi kuiachia kwa sababu tishio bado lipo, awepo mtu wa kuwapokea polisi nje na kuwaeleza.

Mtunza ghala aliniambia kwamba alitaka kuirudisha bastola lakini mfuko wake wa kiunoni ulikuwa wa kitambaa laini kilichojikunja, na asingeweza kuiingiza kwa mkono mmoja bila kuinamisha macho. Majaribio yake manne ya kulenga shabaha yalikuwa yote ya kusimama mbele ya karatasi, kufyatua na kuhesabu matundu. Hakuwahi kufanya zoezi la kusubiri baada ya kufyatua, la kuita watu kwa sauti, la kutazama nyuma yake, wala la kuamriwa na polisi na kutii bila kugeuka. Mwili wake ulianza kugeuka kuelekea sauti, kama mwili wa binadamu yeyote unavyofanya, na bastola ingeugeukia mlango pamoja naye. Alisimama katikati ya mwendo huo. Hawezi kueleza ni kwa nini, nami siwezi kuandika kwamba mpango ulimwokoa.

Yaliyobadilishwa

Neno la siri limefutwa. Mikoba ya kuzuia damu imekuwa minne na haifungiwi. Kuna mtu mmoja anayepokea kila taarifa ya kitisho, hata ile inayoonekana ndogo, naye hukutana na mlinzi na wahudumu wa mapokezi kila wiki. Kituo cha polisi cha karibu kimepewa ramani ya jengo, na maofisa wake wamealikwa kwenye zoezi. Wabeba silaha wanatakiwa kuwa na mfuko mgumu wa bastola, na jaribio lao la miezi mitatu sasa humalizika kwa amri ya polisi, wala hakuna anayefaulu akigeuka. Wafanyakazi wote wanajua kwamba kuna wenzao wenye silaha, bila kutajiwa majina, na wanajua nguo gani ya kung'aa mtu huyo atavaa ikiwa tishio limezimwa kabla polisi hawajafika.

Mtunza ghala alirejea kazini mwezi wa tano baada ya tukio. Alirudishiwa bastola yake na mamlaka, akaiacha nyumbani, akaomba abaki kwenye kamati kama mtu wa mlango wa nyuma. Uongozi ulikubali. Katika zoezi la kwanza baada ya tukio, darasa la mkabala na ghala lilitoka lote kwa sekunde 18, naye alikuwa ameshikilia mlango.